Misalaba Makumi Mbili na Tano ya ku Mwezi

Mama Mira mpendwa wa radio yetu, nalomba musaada, na mbele ya musaada nalomba usicheke, ao kama lazima ucheke, cheka hapa ku mwanzo umalize, kisha usome yenye kubaki na uso ya muntu mukubwa. Jina yangu usiseme. Uniite Constant, bibi yangu wa ndoa umuite Clotilde, na yaya yake, mukubwa wake wa tumbo moja, mwenye njo alinipatia hii magumu, ao tuseme minyi mwenyewe njo nilimupatia, umuite Léonie.

Nilitumika ku reli miaka makumi tatu na moja. Kazi yangu ilikuwa kutembea kwa miguu juu ya njia ya train na kuangalia traverse moja moja, zile mbao zenye zinabeba reli, na fasi naona yenye kuoza natia musalaba ya chaki, kesho yake brigade inakuja, inaona musalaba, inageuza mbao. Mwaka jana nikapata pension. Miguu ikakubali pension, macho ikakatala. Ikaanza kutafuta kazi yenyewe. Nilihesabu matofali ya nyumba ya jirani, nikamwambia kama ukuta yake imeinama vidole tatu, na hakunishukuru.

Njo pale batoto bangu bakanitumia telefone ya kugusa, na ndani yake nikaona bantu benye banasema kama ku mwezi kuko majumba, minara, madaraja, na serikali kubwa zinaficha. Nikasema, bale banatafuta bila kujua kutafuta, banaona kivuli ya jiwe banaita nyumba, lakini muntu wa reli hawezi kudanganyika na kivuli. Nikaenda ku picha zenyewe, zile za bantu benye balitembea ku mwezi zamani, nikaanza kuziangalia moja moja toka asubui mpaka saa ya bukari, ile ugali ya saa sita, na kisha bukari mpaka jua kushuka, na Clotilde alikuwa ananiletea chai na kuniambia pole na kazi, kwa sababu alifikiri nasoma Biblia.

Siku ya ine nikaona misalaba. Sikuitafuta, yenyewe njo ilinitokea. Midogo, nyeusi, minyoofu, na umbali kati ya moja na ingine iko sawasawa, najua juu nilitia rula pa kioo ya telefone nikapima. Nikahesabu: tano kulala, tano kusimama, makumi mbili na tano, na ile ya katikati mukubwa kupita zote. Sasa nani anatiaka misalaba kwa umbali sawa? Ni muntu wa kupima njia. Nikashuka ku maandishi ya kifaransa chini ya picha, nikasoma maneno tatu, «croix de réseau», misalaba ya réseau, na pale pale megas zangu za internet zikaisha, réseau ya telefone ikakatika, ukurasa haikumaliza kufunguka.

Mama Mira, hapa Kamina réseau ni nini? Kwa batoto ni ile ya telefone. Kwa minyi, miaka makumi tatu na moja, réseau ilikuwa paka moja tu, haina ya pili: njia zote za train za inchi. Chef akisema «réseau», tulikuwa tunasimama vizuri. Sasa misalaba, tena ya réseau, tena yenye kupimwa sawasawa, tena ku mwezi, ningefikiri nini ingine? Sikungojea hata kununua megas nimalize kusoma ule mustari. Nilikuwa na maneno tatu, na ilinitosha.

Na kwa sababu radio haione uso yangu, nikuambie yote. Musalaba moja ilikuwa mu mbingu nyeusi, haigusi udongo hata kidogo. Nikasema ile iko ku mwisho ya poteau, nguzo murefu. Ingine ilikuwa pa muguu ya yule muntu wa mwezi, katikati ya pantalon. Nikasema amesimama nyuma ya piquet, ile kijiti ya kupimia njia. Kila kintu nilikuwa na jibu yake, na hakuna hata siku moja nilijiuliza mbona majibu inakuja mbio vile.

Siku ya Mungu, ku kanisa, kisha matangazo, nikalomba pasteur Noé dakika mbili. Nikakamata makumi mbili. Nikaeleza kama ku mwezi kuko njia ya reli yenye kupimwa, na mwenye kuipima alitia misalaba, kwa hiyo alikuwa mukristo, na kwa vile alipima vizuri, pengine mumetodisti. Bazee bakaitika amina, bamoja kwa imani, bengine kwa njaa. Nikaenda ku secrétariat, kwa benye mashini ya kutolea karatasi, bakanitolea ile picha ku karatasi kubwa, nikaipigilia misumari mu salon, pembeni ya picha ya ndoa yetu.

Léonie anauzisha samaki kavu ya Kinkondja, na akifika Kamina alikuwa analala kwetu. Akafika. Clotilde akapika bukari na sombe, yale majani ya muhogo, tukakaa, minyi nikaanza kumueleza picha, na yeye akakula tonge moja, akatosha telefone yake mu kitambaa, kioo yake ilipasukaka zamani, akaitia mbele yangu, akasema, «Shemeki, angalia. Mu telefone yangu kila muntu iko na mupasuko ku uso, hata pasteur, hata mutoto mwenye alizaliwa juzi. Mupasuko haiko ku uso yabo, iko ku kioo. Weye unaangalia mwezi ao unaangalia kioo?» Kisha akacheka, akasema pension imenipanda ku kichwa.

 Clotilde akasimama, akanyoosha mukono, akakamata sahani ya bukari mbele ya yaya yake, vidole vya Léonie vingali mu sombe, akaipeleka mu jiko. Mama, weye ni muntu wa huku, unajua ile maana yake. Yaya yako unaweza kumutukana na mukapatana kesho, lakini kumutosha chakula, kumunyanganya mbele ya macho, ni kusema hauna tena yaya. Léonie akanawa mukono, akafunga kitambaa, akaenda kulala ku gare, fasi ya kungojea train. Ni miezi ine sasa, habasalimiane.

Tufike ku haya yangu. Wiki saba zilizopita nilinunua megas, nikafungua tena ile ukurasa, na mustari ikatoka yote. Misalaba ya réseau ni alama ndogo zenye zilichorwa ku kioo ndani ya appareil ya picha, ili kisha bantu bapime picha. Ku kioo. Ndani ya appareil. Ku mwezi hakuna hata moja. Léonie aliijua kwa tonge moja ya bukari, na minyi, mupimaji, nilikuwa bado natafuta gare.

Wiki saba, Mama, na Clotilde sijamwambia. Nilijaribu. Asubui moja nilianza, «Clotilde, ile picha...» akanikatiza. Akasema, «Ile picha sijaiangaliaka hata siku moja, macho yangu haione tena bintu bidogo. Minyi najua paka moja, bwana yangu hajanidanganyaka.» Nikasema nilitaka kuuliza kama misumari inashika vizuri. Kisha, juu alikuwa ananiangalia, nikapigilia ingine moja.

Na sasa Ève, mutoto mwanamuke wa Léonie, samedi hii, jumamosi, banaleta mahari yake hapa Kamina. Clotilde njo alimulea miaka sita wakati mama yake alikuwa mu biashara ya samaki, na Ève amemulomba akae pembeni yake siku ile. Clotilde anasema hataenda mpaka Léonie alombe bwana yake musamaha. Léonie alisha kufika, analala kwa bantu nyuma ya gare, na hata yeye hatasogea. Ève anatuma ujumbe, Clotilde anasoma, analia mu jiko, anapangusa macho, anakuja kuniuliza kama nataka chai. Na minyi nakunywa. Nakunywa ile chai, Mama, na natia sukari.

Nimewaza kusema benye misalaba baling'oa. Nimewaza kusema udongo ya mwezi ilitikisika ikaifunika. Nalomba unipatie neno, hata mustari moja tu, yenye mwanaume wa miaka makumi sita na tatu anaweza kusema mu nyumba yake na akabaki amesimama.

Ni minyi, Constant wa misalaba, Kamina.

Mama Mira anajibu

Baba Constant, nimecheka ku mwanzo vile ulinipatia ruhusa, nimecheka katikati bila ruhusa, na pale fasi ya musumari nilifunga micro. Sasa nimemaliza. Sikiliza.

Kukosa juu ya mwezi haiko zambi. Mwezi haikuumia. Minyi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza ku hii radio, nilipata barua tano zenye kutiwa jina «Anonyme», na nikamukaripia Papa Anonyme mbele ya muji muzima juu iko na bibi batano na hata moja hamuridhishe. Bakanieleza kisha ile neno maana yake ni muntu mwenye kuficha jina. Niko hapa bado, nasema.

Lakini weye umenieleza misalaba kwa kurasa tatu, na machozi ya bibi yako kwa mistari mbili. Misalaba uliipima na rula. Umbali ya Clotilde na yaya yake, miezi ine, nani ataipima? Kwa kazi yako, ungeona mbao imeoza, na train inapita pale kila siku, na weye unanyamaza wiki saba juu unasikia haya mbele ya chef, bangekufukuza, na bangefanya vizuri.

Tena haukuelewa kintu moja, na ni ile kubwa. Weye unafikiri Clotilde aliamini misalaba. Hapana, baba. Amekuambia kwa kinywa yake, picha hajaiangaliaka. Ile bukari hakuitosha juu ya mwezi. Aliitosha juu ya neno yako. Alikuwa na yaya yake huku, na neno yako kule, akachagua neno yako, na weye unajua toka wiki saba kama ile neno haina kintu ndani, na unamuacha aishikilie peke yake na macho mekundu. Ile njo uovu yako. Ingine yote ni kichekesho.

Unalomba mustari yenye utasema na ubaki umesimama. Haiko. Utakaa chini. Hakuna mwanaume mwenye alikufa juu ya kukaa chini mbele ya bibi yake. Utamwambia, «Léonie alisema kweli, minyi nilikosa, na nilijua toka wiki saba.» Ile ya wiki saba usiiache nje. Ni yenye itauma kupita zote, na kama unaificha ataivumbula mwenyewe, na siku ile usiniandikie. Usitie «lakini». Usitie kifaransa. Usianze kumueleza film na appareil, hakuna mwenye alikuuliza. Akikasirika, muache akasirike mpaka amalize, na usimuulize kama chai iko.

Kesho asubui uende nyuma ya gare na miguu yako, ile yenye pension. Usitume ujumbe, na usitume pasteur Noé, yeye alisha kukupatia dakika makumi mbili. Umuite shemeki yako akuje kula kwenu, na sahani weye njo utaibeba toka mu jiko mpaka mbele yake. Najua banaume ba huku hababebe sahani. Utabeba, bantu bakuone, na usikae mpaka ameze tonge ya kwanza. Picha uitoshe ku ukuta na misumari yote, hata ile ya uongo. Samedi uvae vizuri, utembee nyuma ya bibi yako, na kama bantu banakucheka ku mahari ya Ève, ucheke nabo, juu utakuwa na sababu. Kisha, Siku ya Mungu, ulombe tena dakika mbili, na hii mara zikutoshe.

Nimesoma barua yako mara mbili kwa kutafuta neno moja. Musamaha iko ndani mara moja tu, na ni ile yenye bibi yako anangojea ku kinywa ya Léonie. Ya kwako haiko. Nikajiuliza, huyu baba anajua kuandika, na jiko iko hatua kumi toka salon yake, mbona alipitisha maneno ku radio? Kisha nikaelewa. Ulijua kama nitaficha jina. Ulijua pia kama mu Kamina yote, baba mwenye alihubiri reli ya ku mwezi ni mumoja tu. Ulitaka minyi njo nikusemee.

Basi, nimekusemea. Picha, kioo, wiki saba, yote, na Clotilde amesikia, juu saa hii hii radio inalia mu kila jiko ya huu muji. Imebaki ile neno moja, na ile siwezi kukusemea. Anakuangalia, baba. Funga radio.