Mtoto Asiingie Chumbani

Jumatano, 3 Septemba 2014

Tumehamia Amborovy. Nyumba ndogo, jirani na uwanja wa ndege, mbali na watu – ndivyo nilivyotaka. Mahajanga mjini kila mtu angekuja kumpa pole Djaffar, na kila mtu anakohoa.

Amerudi kutoka India na damu ya dada yake mwilini. Wifi Kouraichia alitolewa mbegu za damu, mume wangu akapandikizwa. Saratani ya damu imekwenda. Kilichobaki ni mwili usio na kinga, kama wa mtoto mchanga, na vinywele laini vinavyoanza kuota. Daktari wa kule alisema: homa yoyote, hospitali, msingoje. Basi namgusa paji la uso kila nikipita. Leo kaniambia, "Echata, mimi si chapati, usinigeuzegeuze." Nikacheka. Kisha nikampima tena.

Anatamani wali na maziwa mgando. Nimekataa. Anamtaka Hayrat, binti yetu, aliyebaki kisiwani Nosy Be kwa bibi yake tangu tuliposafiri. Nimekataa pia – mpaka daktari aruhusu. Akageukia ukutani.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimetoka sokoni, nakuta viatu vidogo mlangoni. Hayrat mapajani kwa baba yake, kamkumbatia shingo, shavu kwa shavu. Kouraichia kasimama pembeni, vumbi la safari bado kwenye nguo. Djaffar ndiye aliyempigia simu amlete. Bila kuniambia.

Nilimwita wifi nje. Nikamuuliza kwa nini kamleta.

"Kaniambia, 'Nisipomwona mwanangu, nimepona ili iweje?'" akasema. "Ungemjibu nini, wewe?"

Niliporudi ndani, mtoto kalala kifuani kwa baba yake. Uso ule wa Djaffar sijauona tangu kabla ya ugonjwa. Nikawaacha.

Jumatatu, 8 Septemba

Vipele. Nilikuwa namwogesha Hayrat. Viwili tumboni, vingine mgongoni, vimejaa maji. Tetekuwanga. Nikakaa sakafuni, sabuni mkononi.

Kouraichia anasema kule Nosy Be, mtaani kwao Ambondrona, watoto wengi wanajikuna siku hizi. Hakudhani ni jambo. Kwa mtoto si jambo. Kwa Djaffar linaweza kuingia mapafuni. Aliwahi kuugua utotoni, lakini kinga ile iliondoka na damu yake ya zamani.

Daktari Faouzia, anayemwangalia hapa, alizungumza polepole mno kwenye simu. Hilo limenitisha zaidi. Vidonge aanze leo leo. Sindano ya kumkinga haipatikani hapa, na mji mkuu nako wamesema hawana. Mtoto aondoke. Na atakayemuuguza asirudi nyumba hii.

Yaani nichague. Homa inampanda mwanangu, kaning'ang'ania gauni, nami nambandua vidole. Kouraichia kamchukua, wameenda kwa binamu yao mjini. Ndani ya bajaji Hayrat akauliza kwa Kimalagasi, kwani baba kamkasirikia? Nikamwambia hapana, hata kidogo. Bajaji ikaondoka analia, ananiita mimi.

Ijumaa, 12 Septemba

Hakuna kitu. Ngozi safi. Namkagua kila mahali, nyuma ya masikio, kati ya vidole. Vidonge vinamchafua tumbo.

Msikitini haruhusiwi, kaswali adhuhuri hapa kitini. Alipomaliza akasema, "Hata ningejua, labda ningemwita tu." Nikatoka uani nisije nikamjibu. Ndege ikapita juu, kelele tele, nikalia humo humo kwenye kelele. Kisha nikaingia nikamkorogea uji.

Jumatano, 17 Septemba

Hayrat amepona! Vipele vimekauka, magamba yameanguka. Kwenye simu kanidai pipi. Faouzia anasema Jumapili anaweza kurudi nyumbani.

Djaffar anakula. Kaniomba nimpunguzie vindevu vilivyoota, asimtishe mtoto. Hajawa na homa. Mimi bado sithubutu kufurahi. Faouzia alisema tetekuwanga hukaa kimya mwilini wiki mbili, hata tatu.

Jumapili, 21 Septemba

Asubuhi paji lake lilikuwa la moto. Kasema ni blanketi. Nikaweka kipimajoto kwapani – akakichomoa kabla ya wakati, akakikung'uta. Nikakirudisha, nikamshika mkono mpaka mwisho. Thelathini na nane na nusu.

Kwapani pale pana kipele. Kimoja. Chekundu, hakina maji. Sijui ndicho au sicho.

Faouzia hapokei. Nimepiga tena, na tena. Hospitali wamesema mleteni.

Naandika nimesimama. Bajaji imefika nje. Ni wao, Kouraichia na Hayrat. Mtoto hana tena cha kumwambukiza, si hilo ninaloogopa. Ana miaka sita, lakini si mjinga. Akimwona baba yake anapelekwa, atajua maradhi yalitoka kwake.

"Mfungulie kwanza," Djaffar anasema. "Acha nimwone anaingia. Hospitali tutakwenda baadaye."

"Daktari alisema tusingoje."

"Echata. Kidogo tu."

Kajikalisha kitandani, anavaa shati safi. Anatetemeka, vifungo vinamshinda. Nimemfungia mimi, mpaka cha shingoni. Hayrat anagonga geti, ananiita, na shangazi yake anamwambia atulie.

Nimepaza sauti dirishani. Nimemwambia dereva asiondoke.