Trekta Lisipite Kwenye Milamula

Morogoro, kwa dada yako

Mwanangu Deusi,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla ya kufungua bahasha. Kama hujaniamkia, funga, niamkie, ndipo usome. Mkubwa hapunguki ukubwa kwa kuwa yuko mbali.

Hujambo? Mkeo Jeni hajambo, mgongo umemwacha? Na wajukuu zangu je, yule mdogo ameacha kula udongo? Ng'ombe amezaa au bado mnamtazama tumbo tu? Huku mimi nipo. Mguu waliouwekea chuma unalalamika mvua ikikaribia, lakini natembea mpaka dukani na kurudi, na nikirudi nagombana na mtu njiani, kwa hiyo ujue nimepona.

Anayeandika ni dada yako Adventina, maana shule mimi niliiona kwa nje nikipita na kuni. Nimemwambia asirembe. Nikisema mjinga, aandike mjinga. Barua anakuletea mtu anayefanya kazi na mkwe wetu Mrisho, mume wa dada yako, anakuja Kayanga kikazi, nimemwambia aje mpaka nyumbani Nyakatuntu akupe mkononi. Utauliza kwa nini nisipige simu. Simu wewe nakujua. Ukisikia neno usilolitaka, mtandao unakuwa mbaya. Barua haina mtandao.

Huku joto. Watu wema, lakini ndizi zao, mwanangu, wanaziita ndizi kwa kuwa hawajaona nyingine. Adventina anazipika na maharage ili nifurahi, nakula, nafurahi kwa ajili yake, tumbo linajua ukweli.

Sasa trekta.

Siku ile uliponipigia simu ya video ukanionyesha picha za yale mawili, lile kubwa na kile kidogo, ulitaka nikwambie uchukue lipi. Nilikusikiliza. Ukasema kubwa litaivunja rweya yote, lile pori la nyasi kule chini, kabla Jeni hajaivisha maharage. Ukasema litavuta tela la ndizi na kahawa mpaka barabarani, na majirani watalikodi. Kile kidogo ukakicheka, ukasema hicho ni cha bustani ya padri. Nikakuuliza, kubwa litalala wapi? Ukasema, "Uani, mama! Lilale huko chini waliibe?" Ndipo ukashuka na simu kibanjani kwenye migomba kunionyesha njia utakayolikatia.

Ukapita nyuma ya jiko. Ukapita migomba ya baba yako, ile mirefu. Ukafika kwenye ile miti miwili ya milamula, umeifunga kamba nyekundu. Ukasema, "Hapa mama pananisaidia, ni mpaka wa zamani wa babu, hapana mtu anayepadai. Nang'oa hii miwili na migomba michache, njia imenyooka mpaka rweya. Kahawa ikiisha kuchumwa naanza."

Wewe ukaita, "Mama? Mama? Mtandao!" Haukuwa mtandao. Simu ilikuwa mapajani mwangu, nimeiangusha, naitazama kanga yangu.

Tangu siku ile Deusi sikai peke yangu. Nafagia uwanja wa Adventina mchana kweupe, kuna kitu kinanivuta kanga kwa nyuma, chini, pale mkono wa mtoto unapofika. Nikigeuka hakuna. Hapa jirani kuna mashine ya kusaga. Ikiwashwa, ndani ya ule mlio kuna kilio cha kichanga, kile cha mara ya kwanza, chembamba. Wakiizima, kilio kinabaki kidogo, halafu nacho kinanyamaza. Adventina ananiambia, "Mama, ni mkanda wa mashine unalia." Nami nimezaa, najua mkanda na najua mtoto. Juzi nimekaa barazani nikasikia harufu ya jani la mgomba likipitishwa motoni. Hapa hakuna mgomba mtaa mzima.

Nikamwambia Mrisho anipeleke nikayaone matrekta yakifanya kazi, niyaone kwa macho, si kwenye kioo. Mrisho ana adabu, mkwe mzuri, kanikalisha mbele kwenye gari la rafiki yake, tukaenda shamba moja nje ya mji ambako yako yote mawili. Dereva ni mtu wa maneno, anaitwa Sudi. Nikalizunguka lile kubwa, nikaligonga tairi kwa fimbo, nikainama chini kulitazama tumbo. Akasema, "Bibi, unataka kulinunua au kuolewa nalo?"

Nikamwambia, "Nimeshaolewa, na aliyenioa alikuwa na meno yote. Washa."

Akawasha. Sitakudanganya, Deusi. Lile ni mnyama. Lilikuwa na jembe la sahani nyuma, likaingia kwenye majani magumu kama ya rweya yetu likayapindua kama unavyopindua chapati. Kile kidogo kikafuata. Pale pale penye majani magumu kikacheza juu juu, kikakohoa, Sudi akakitoa. Kwa hiyo sikwambii lile kubwa ni baya. Aliyekwambia linaiweza rweya amekwambia kweli.

Lakini nikamwambia aligeuze. Kuligeuza alikwenda huko mbali, kama anakwenda kuposa, ndipo akarudi. Nikamuuliza, "Likiingia kwenye migomba?"

Akacheka. "Bibi, migomba itakuwa imekwisha. Hata lisipoigusa, uzito wake unashindilia udongo, mizizi ya mgomba iko juu juu, inavunjika chini hata huoni. Unashangaa tu mwaka wa pili migomba inaanguka na mikungu yake."

"Na hiki?"

"Hiki kinapita popote anapopita ng'ombe wako. Kina mashine ya kuchanganya udongo, kina tela dogo, mafuta hakinywi sana. Ila kwenye mteremko ukikiendesha kwa mbwembwe kitakulaza. Mwanao ana mbwembwe?"

Nikamwambia, "Anazo." Usikasirike, unazo.

Akaniambia watu wengine huku wanafanya hivi: lile pori gumu wanakodi kubwa mara moja tu, linavunja, linakwenda zake. Ardhi ikishafunguliwa, kidogo kinaitunza kila msimu. Nikaona maneno yake yana akili. Rweya yetu ina ile njia ya chini ya darajani. Kubwa la kukodi litaingia kwa huko na litatoka kwa huko. Halina haja ya kupanda nyumbani. Anayetaka lipande nyumbani ni wewe, lilale uani, watu wakitoka kanisani walione.

Hayo ni ya trekta. Sikiliza sasa yaliyobaki.

Tulipokuwa tunaondoka, Sudi alikuwa analima tena ukingo na lile kubwa. Sahani ikatupa kitu juu. Chungu kidogo, kizima, mdomo tu umemeguka. Akashuka, akakisukuma pembeni kwa mguu. Nikamwita. Nikamuuliza cha nani. Akasema, "Cha watu wa zamani, bibi. Vimejaa hapa."

"Watu gani?"

"Sijui. Waliokuwepo."

Nikakiokota. Kimejaa udongo, kizito, nimekishika kwa viganja viwili kama unavyoshika kichwa cha mtoto ambaye shingo haijakaza. Sikuweza kukiweka chini. Mrisho akasema, "Mama, tukichukue?" Nikasema hapana, chimba, kirudi. Akaazima jembe, akachimba pale ukingoni bila kuuliza kitu. Mimi nikafumba macho. Nikasikia jembe la Mrisho, nikawa siko Morogoro. Nikawa ndani ya nyumba yetu ya nyasi, nimelala kitandani, nimetoka kuzaa, na nje nyuma ya ukuta baba yako anachimba.

Ile milamula si mpaka, Deusi.

Kabla yako walikuwepo wawili. Wa kwanza msichana. Alilia, nilimsikia, alinyonya, akachoka. Wa pili mvulana, huyo alikaa kidogo zaidi, alianza kunitazama. Wote waliondoka kabla ya kupewa jina. Zamani zile mtoto asiye na jina hakuwekewa matanga, hakuna kengele, hakuna msalaba. Baba yake anamfunga kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni, anamchimbia kibanjani kimya kimya, na mama mzazi hatoki nje. Sikuona. Nilisikia jembe tu. Mara mbili nimesikia jembe lile lile, ukuta ule ule. Bibi yako akanikataza kuwataja, ili atakayefuata asiitwe na wenzake. Ulipofuata wewe ukakaa, tukazidi kunyamaza. Tulikuwa tunakushikilia kwa kunyamaza.

Nilipopata nguvu za kusimama nilimuuliza baba yako, wapi? Akanionyesha kwa kidevu. Yeye ndiye aliyekata tawi la mlamula akanipa. Akasema, "Panda huu. Kila mtu atadhani mpaka, hakuna atakayeuliza." Nikaupanda. Wa pili naye nikampandia wake. Na kweli hakuna aliyeuliza, maana nani kwetu anauliza mlamula? Hata wewe umeutazama miaka yote ukaona mpaka. Si ujinga wako. Tulitaka uone hivyo.

Unakumbuka siku uliyofunga mbuzi pale? Nilikuchapa mpaka Adventina akatoroka kwenda kwa shangazi yenu. Ukalia ukasema, "Mama anapenda mti kuliko mimi." Jibu lake ndilo hili. Limechelewa, lakini limefika.

Adventina hapa ameweka kalamu chini. Anasema na yeye hakujua. Nimemwambia afute macho aendelee, karatasi isilowe.

Na kuna moja tena. Katikati ya ile milamula, pale pale ulipopanga matairi yapite, ni pangu. Najua umeniachia nafasi kando ya baba yako, mbele ya nyumba, umeshaijengea saruji. Asante, una moyo mzuri. Panda mgomba hapo. Baba yako ana saruji, ana msalaba, ana maua ya Jeni, kila anayeingia anamwamkia. Hakai peke yake. Hawa hawajawahi kukaa na mtu. Nilipokuwa bado na nguvu, nikienda kupalilia, nilikuwa nalala pale katikati juu ya majani, mkono huku na mkono huku, ncha za vidole zinafika kwenye mashina. Wewe ulikuwa unaniona, unadhani mama anapumzika. Ndiyo, nilikuwa napumzika.

Sasa kila nikisikia mashine ile ya kusaga naona lile kubwa linarudi kwa taa zake kutoka rweya, linapita juu yao, asubuhi linashuka, jioni linapanda. Nao hawana hata jina la kumwita mtu aje awatoe. Wanakuja huku kunivuta kanga. Wanajua mimi ndiye mwenye mdomo.

Kwa hiyo nakwambia kama mama, si kama mtu unayemwomba ushauri. Chukua kile kidogo. Kitapita njia ya ng'ombe, kitalala zizini pale mlipokuwa mnaweka pombe ya rubisi, kitavuta ndizi zako kidogo kidogo. Lile kubwa likodi lije kwa darajani livunje rweya liondoke. Watakucheka watu wa Bugene, wacha wacheke. Ukiona huwezi kuvumilia kuchekwa, basi nunua kubwa, lakini lilale huko huko chini, ujenge banda ulilinde mwenyewe. Hiyo ni juu yako. Njia pale haikatwi. Kama umeshaanza, simama hapo ulipofika, hata kama jembe liko hewani. Trekta litazunguka. Mimi sitazunguka.

Zile kamba nyekundu zifungue leo, usimtume mtu. Nenda wewe na Jeni.

Salamu. Nisalimie Jeni, mwambie dawa ya mgongo nimempatia, imo ndani ya mfuko unaokuja na barua hii. Nisalimie shangazi yako Paskazia, mwambie bado namkumbuka na kile kikapu changu alichoazima. Mnisalimie jirani yetu mzee Rwegasira kama masikio bado yanamsikia. Wajukuu wote, mmoja mmoja, uwashike kichwa.

Na ukifika pale kibanjani, ukishafungua kamba, wasalimie na wale wawili. Usiseme hamjambo, Deusi. Wewe una mvi, lakini wao ndio dada yako na kaka yako, walitangulia. Piga goti kwenye majani, sema shikamoo. Halafu unyamaze kidogo, usiondoke haraka. Hawajawahi kuamkiwa na mtu, itawachukua muda kujibu.

Mimi mama yako ninayekuja,

Kokutona