Furu wa Buluu Ndani ya Kyanzi cha Mama

(Kutoka daftari langu la jalada jekundu, Nyaishozi, 1988. Nimeuchapa ukurasa huu kama ulivyo, nimebadilisha majina tu.)

Jumatano, saa kumi alasiri. Mvua imekatika lakini migomba bado inadondosha maji, na naandika haraka kiasi kwamba mwandiko huu huenda nikashindwa kuusoma mwenyewe.

Nimefanya kosa. Naliandika humu kwanza kwa sababu daftari halina mdomo wa kunijibu.

Nimemweka samaki ndani ya kyanzi cha maziwa cha mama mkwe wangu.

Ngoja nianze mwanzo, labda nitatulia.

Tanki la kioo lililoko sebuleni aliniachia daktari mmoja mzungu wa misheni alipomaliza mkataba wake, pamoja na kitabu chake cha Kijerumani cha samaki wa baharini, wale wa kwenye matumbawe, wenye rangi kama vitenge vipya. Kijerumani sijui hata neno. Lakini katikati ya kitabu kuna jedwali: samaki wamechorwa juu na pembeni, na pale wanapokutana kuna alama ya kijani au msalaba mwekundu. Kijani, wakae pamoja. Mwekundu, usithubutu. Nililikodolea macho wiki nzima, kisha nikachora langu, la samaki wa ziwani kwetu Muleba, maana matumbawe hapa Karagwe tutayatoa wapi.

Misalaba yangu nimeipata kwa maiti. Sato mchanga aling'oa majani yote ndani ya siku tatu. Kambare nilimwona mpole, kumbe alikuwa anameza wenzake kimyakimya, na mimi kila asubuhi nahesabu nikidhani wamejificha. Sangara mdogo kama kidole alimmeza furu, kisamaki cha ziwani, anayemkaribia kwa ukubwa; mkia ulibaki nje ya mdomo wake tangu chai ya saa nne mpaka tulipokula mchana. Sasa nafuga furu peke yao, na hata hao nawachagua. Madume wawili wa rangi moja hawakai. Kwa hiyo sheria zangu ni mbili: tazama mdomo, tazama rangi. Kwa sheria hizo nimejiona fundi, nikawa nawafundisha hata wanafunzi wangu wa biolojia.

Dume lililopo, jekundu mgongoni, naliita Mwenyekiti kwa sababu halikubali kuachia kiti. Limekaa kwenye jiwe kubwa la kushoto mwaka wa pili huu, na majike yake manne yanazunguka.

Sasa habari ya kyanzi.

Mume wangu Venanti ni bwana shamba. Watu wake walitoka Rwanda, wako Nyabiyonza, na ni watu wa ng'ombe. Kwao samaki haliwi. Na si kutoliwa tu: chombo kilichoguswa na samaki hakirudi tena kwenye maziwa, kwa kuwa ng'ombe atakauka. Mimi ni Mhaya wa ukingoni mwa ziwa, nimelelewa kwa samaki, lakini tangu niolewe, miaka mitano, sijapika samaki ndani ya nyumba hii. Hamu ikinizidi naenda kwa shangazi yangu Bukoba, nakula mpaka nione haya, narudi. Tanki Venanti alilikubali akisema hawa ni wa macho, si wa tumbo.

Miezi miwili iliyopita mama yake akaja kukaa kwetu kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. La kulia wameshalifanyia upasuaji hapa hospitali, la kushoto daktari wa macho atakuja kulifanya wiki mbili zijazo. Mama alikuja na ng'ombe wake mmoja anayekamuliwa, na vyanzi vitatu, vile vyombo vya mti vya kukamulia na kuwekea maziwa. Kila asubuhi anavifukiza kwa moshi wa majani makavu mpaka nyumba nzima inanukia. Kile cheusi kuliko vyote kilikuwa cha mama yake. Walipovuka mto Kagera kuja huku, bibi huyo alikuwa na mtoto mgongoni na kyanzi mkononi, na hakuwa na kitu kingine. Yule mtoto wa mgongoni ndiye Mama.

Siku aliyofika alitazama tanki, akatazama vyanzi vyake, akavipeleka chumba cha nyuma. Nilielewa. Tangu hapo sebule yangu, chumba cha nyuma chake, na hakuna kinachovuka. Tunasalimiana vizuri, shikamoo Mama, marahaba mukazana, yaani mke wa mwana, na hapo ndipo maneno yanapoishia.

Nakiri jambo moja. Bandeji ilipotolewa nilimkuta mara mbili amekaa mbele ya tanki, jicho lake jipya karibu ligonge kioo. Nilipoingia akajitia anatafuta fimbo yake. Fimbo alikuwa ameishika.

Leo mchana kaka yangu Projesti, anayeuza dagaa mnadani, amenishushia dumu. Ndani yake furu dume wa buluu, buluu hasa, na mapezi yana ncha za manjano. Amesafiri naye tangu jana akifungua mfuniko kila gari liliposimama, abiria wanamtukana. Akaniambia nimtunze, furu kama hawa hawaonekani tena kwetu, sangara amewamaliza, na huyu amemtafuta alfajiri tatu. Alikuwa anawahi mnadani, na dumu lake alilitaka papo hapo.

Nilitazama mdomo: mdogo. Nilitazama rangi: mmoja mwekundu, mmoja buluu. Nikajipa alama ya kijani, nikamwachia ndani ya tanki, na kaka akaondoka na dumu lake.

Mwenyekiti hakungoja hata maji yatulie. Alimkimbiza kutoka kona hii mpaka ile, akamchana mkia, akambana chini ya jiwe, kila akitoa kichwa anapigwa. Nilijaribu kuwatenga kwa kitabu cha mahudhurio, upuuzi mtupu, kikalowa. Yule wa buluu akaanza kulala ubavu. Ndoo moja ilikuwa na maharage niliyoloweka, ya pili ameazima jirani. Beseni lina nguo na sabuni. Sufuria zote zina mafuta. Nikakimbia chumba cha nyuma, nikashusha chombo kilichokuwa karibu na mlango, nikajaza maji ya mvua, nikamtia.

Sikukitazama. Nilikuja kukitazama samaki alipoanza kuhema vizuri. Ni kile cheusi.

Mama yuko kliniki kuwekewa dawa ya jicho, amesindikizwa na jirani. Hakuna aliyeniona. Kwa hiyo nimemwaga maharage kwenye ungo, nimemhamishia samaki kwenye ndoo, na kyanzi nimekisugua mara tatu. Nimewasha majani yake makavu nikakifukiza kama ninavyomwona akifanya, mpaka machozi yakanitoka.

Nimekirudisha mahali pake.

Nani atajua? Kinanuka moshi, kama kila siku. Nikinyamaza, Venanti atarudi, atakamua, Mama atakunywa, atalala. Nikisema, kesho atafunga mizigo yake arudi Nyabiyonza, namjua, na jicho la kushoto litabaki giza. Atakuwa amepofuka kwa sababu ya mdomo wangu. Hivi ndivyo ninavyojipa moyo tangu nusu saa iliyopita. Ni hoja nzuri sana, ina kila kitu, ila inanichefua.

Nasikia fimbo yake uani.

*

Saa moja na nusu jioni.

Nilimpokea, shikamoo Mama, marahaba, nikamwekea kiti. Akanusa hewa. Akauliza nani amefukiza mchana. Nikasema ni mimi, nilitaka kusaidia. Akaniangalia kwa lile jicho moja, akasema, "Ahsante, mukazana." Miezi miwili yote hakuwahi kuniambia ahsante kwa sauti ile. Heri angenizaba kofi.

Venanti akaingia na matope mpaka magotini, akanawa, akaenda chumba cha nyuma. Akatoka na kile cheusi. Sijui kwa nini hicho, vyanzi vipo vitatu. Alikuwa ameshafika mlangoni.

Nikasema, "Subiri."

Nilidhani nitaeleza taratibu, kama mwalimu. Maneno yalitoka yote pamoja: kaka, dumu, Mwenyekiti, maharage, samaki amekaa humo karibu nusu saa, nimeosha, nimefukiza nikiwa nadanganya. Nikaanza kulia kwa hasira, nikijikasirikia mimi, na nikimkasirikia yeye kwa kuwa mzee na kwa kuwa na kyanzi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Venanti alibaki amekishika kama ameshika mtoto wa mtu. Mama akanyoosha mikono, akapewa. Akakipakata. Akaingiza mkono ndani, akaupitisha polepole ukutani mwake pande zote, akanusa vidole. Nje ng'ombe alikuwa analia, maana saa yake ya kukamuliwa ilishapita.

"Kamulia kile kidogo," akamwambia mwanawe. Venanti akaenda.

Tukabaki wawili. Nikasema, Mama, jicho la pili, tafadhali usiondoke kabla ya jicho la pili, unaweza kunichukia ukiwa hapahapa. Akauliza samaki yuko wapi. Nikamwonyesha ndoo.

"Ndoo ni ya maji," akasema. "Mrudishe. Chombo chake hiki hapa."

Sikuelewa. Akarudia, kwa ukali sasa, kama anayemfukuza kuku: hakiwezi kurudi kwa ng'ombe, na yeye hatakichoma moto, mama yake hakukivusha mto ili kichomwe. Kwa hiyo kina kazi nyingine kuanzia leo. Alisema hivyo akinisogezea kyanzi. Nikachota maji, nikamtia yule wa buluu ndani ya kyanzi, mbele yake, na hakugeuka upande.

Kisha akasogeza kiti mpaka kwenye tanki, akamtazama Mwenyekiti juu ya jiwe lake. Akaniuliza yule mkali amekaa pale siku ngapi. Nikasema mwaka wa pili. Akaguna.

"Na wewe ukamletea mgeni palepale," akasema. "Dume jipya haliingizwi zizi la zamani. Unahamisha zizi. Wote wanaamka wageni, wanahangaika kutafuta pa kulala, hakuna mwenye muda wa kupigana."

Miaka minne mimi na jedwali langu. Mdomo na rangi, mdomo na rangi. Sikuwahi kutazama mahali.

Maziwa yalipokuja alikataa kumiminiwa kwenye kyanzi cha tatu. Sijui kama ni kwa sababu hakiamini tena chombo chochote cha nyumba hii, sikuthubutu kuuliza. Akaomba kikombe. Nikampa kile cha plastiki cha kijani, ninachonywea uji shuleni. Alikishika kwa mikono miwili, akanywa, akakunja uso. Akasema hayana moshi. Akamaliza yote.

Sijasamehewa, ninavyoona. Hakuniambia lala salama. Venanti naye hajui aniseme au anikumbatie, kwa hiyo anapiga viatu brashi kwa mara ya pili.

Lakini Mama hajafunga mizigo. Nimepita mlangoni pake nikijifanya natafuta kibiriti: sanduku lake bado liko chini ya kitanda, na ukutani palipokuwa na kyanzi cheusi ametundika kikombe changu cha kijani.

Kesho kabla ya kengele ya shule nitatoa mawe yote, kubwa la kushoto kwanza, niyapange upya. Ameniambia nimwamshe, anataka kuona.