Tumemwacha mama kule Kibara

Matrida, tumemwacha mama yangu kule Kibara. Tumemwacha!

Si ile safari yetu ya kuzunguka ziwa. Unajua mama na mume wangu Enoka hawaangalianagi, mtu na mkwewe. Mama kakaa nyuma kabisa, kimya. Enoka kageuzia kioo cha ndani cha gari juu asimwone.

Kibara tukashuka kupiga picha. Enoka akauliza, "Wote mmepanda?" Nikaitika tu, nachagua picha.

Kufika Bunda nageuka nimpe maji. Kiti kitupu, simu yake iko hapo.

Tumerudi, tumemkuta anaanua dagaa na akina mama.

"Mama, hukutuona tunaondoka?"

"Niliwaona. Ningempigiaje mkwe wangu kelele?"

Sijisikii hata kulia. Sasa tuko njiani tena, kioo bado kiko juu. Mimi ndiye ninayegeukageuka kuangalia kama yupo.