Mpira wa Boti kwenye Landrova

Jumatatu, 5 Mei
Mashine mbili za boti leo. Moja plagi, moja propela. Kaka Famau kanituma nivuke kwenda bara, Mokowe, nikaitengeneze ile Landrova yake ya zamani, ipate kuuzwa. Iliposhika moto, paliungua upande mmoja wa injini tu. Watu waliuzima kwa mchanga. Mikono ya Famau ndiyo iliyoungua sana, naye ni mchonga milango. Sihisi kitu. Nimekula wali wote.

Jumanne, 6 Mei
Nimefungua boneti. Kipande cha mpira wa petroli kimesalia kwenye klipu. Plastiki, ule wa kuonyesha, tunaoutia kwenye boti ili tuone petroli ikipita. Niliufunga mimi mwaka jana. Botini unapigwa na upepo, hauna shida. Hapa niliupitisha karibu na ekzosi, bomba la moshi lenye joto kali. Umekuwa mgumu kama ukucha, una ufa. Nikautia mfukoni.

Jumatano, 7 Mei
Nimekwenda kwa Famau, mtaa wa Langoni. Kakaa shati wazi. Mkewe anamlisha, lakini vifungo hataki kufungwa na mtu. Wageni wote wanasema ni kadari. Na mimi nikasema ni kadari. Muongo mkubwa.

Ijumaa, 9 Mei
Baada ya swala nilivuka kumuona Bwana Njoroge, fundi wa magari pale Mokowe. Akaniambia: bomba la chuma njia nzima, mbali na ekzosi. Mpira penye mtikisiko tu, mfupi, ule mweusi ulioandikwa ubavuni kuwa ni wa petroli. Si wa maji, si plastiki. Hata ule uliokuja na gari usiuamini, petroli ya siku hizi inaula. Dakika kumi zilitosha kunieleza. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa fundi.

Jumamosi, 10 Mei
Nimemuwekea Famau kile kipande mapajani. Nikamwambia yote. Alikiviringisha kwa viganja, vidole havikunjiki.
"Nalinusa petroli juma zima kabla ya moto," akasema. "Nikasema si neno, ndiye ndugu yangu aloufunga mpira."
Afadhali angenitukana. Nikatoka.

Jumapili, 11 Mei
Sikufungua karakana.

Jumanne, 13 Mei
Nimelala chini ya gari tangu asubuhi. Chuma nimekipinda mara tatu mpaka kikakaa. Klipu mpya. Petroli haivuji. Nimekagua tena na tena, mpaka Bwana Njoroge akaniambia niende nikale.

Alhamisi, 15 Mei
Famau amevuka mwenyewe. Nikawasha. Akainamisha uso kwenye injini, akanusa. Akazunguka, akanusa upande wa pili. Mimi nimesimama tu na kitambaa mkononi. Hakusema kama bado anaiuza.

Tukarudi na boti moja. Upepo ulikuwa unampeperusha shati. Karibu na gati akanigeukia, akanisogezea kifua. Nikamfunga vifungo, kuanzia juu. Vitano.