Kisanduku Kipya cha Kuchajia Simu ya Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yameacha kukusumbua na mahindi ya Kwaluguru yamepata mvua. Mimi huku Mwanza ni mzima, kazi ya kutengeneza redio na simu inaendelea.

Baba, nimekukasirikia kidogo. Simu yako haikupatikana siku nne. Nilipompigia shangazi, alicheka kwanza, kisha akaniambia kile kisanduku nilichokutumia cha kuchajia kwa sola huwezi kukichomekea waya, na ulimkataza asinijulishe. Eti ulimwambia, "Mtoto katengeneza kwa mikono yake, leo nimwambie kina kasoro?" Na mimi uliponisifu mbele ya watu nikavimba kichwa.

Kosa ni langu. Bodi ya ndani, kile kibao kinachoshika vifaa vya umeme, niliichora mwenyewe kwenye kompyuta, nikataka iwe ndogo ya kupendeza, basi nikabananisha kila kitu. Kwenye picha, tundu la waya lilikaa vizuri kando ya kapasita, kile kikopo kirefu cheusi. Lakini picha haionyeshi kichwa cha waya wala vidole vinavyokishika. Vyangu vyembamba vilipita. Kidole gumba chako, kisichokunjika tangu ulipojikata ukivuna mkonge kule Kwamndolwa, nilikisahau. Na ndio mkono ulionisomesha. Niliona aibu sana.

Safari hii nilichapa mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, nikaubandika kwenye boksi na kusimamisha vifaa juu yake. Kisha nikafunga gumba langu kwa kijiti lisikunjike, nikajaribu kuchomeka. Wenzangu dukani walicheka mpaka basi. Waya uligoma mara mbili. Nikasogeza tundu hadi ukingoni likatazama nje, na kapasita nikaihamishia upande wa pili. Sasa waya unaingia bila kubana.

Kisanduku hicho kipya kinakuja na barua hii kwa basi. Shangazi atakipokea Korogwe.

Ahsante, Baba, kwa kunionea huruma. Lakini siku nne zile nilikuwa nimeshaanza kukulilia. Kichomekee waya mwenyewe, shangazi asikusaidie, kisha nipigie. Kikikugomea, nigombeze. Hata ukinigombeza nitashukuru, maana nitakuwa nimekusikia.

Nisalimie shangazi, mwambie nashukuru kwa kutokukutii. Msalimie na mdogo wangu anayefundisha Mombo, na jirani yetu mwenye mashine ya kusaga.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Rehema