Kovu la Maimuna kwenye Uso wa Mgeni

Jumamosi, magharibi imeshaadhiniwa. Mbaraki.

Joto la leo ni la kunata. Nguo imenishika mgongoni tangu asubuhi. Nimeoga mara mbili na bado najiona mchafu, na najua si joto peke yake.

Nilijiahidi kutoandika juu ya jambo hili. Kampuni niliyoifanyia kazi ilitutaka tutie sahihi kwamba hatutataja jina la tamthilia wala la mtu yeyote aliyeifanya, na sahihi yangu nitaiheshimu. Lakini yaliyobaki ni yangu, na leo nimeyasema mbele ya mama yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Naanza na mdogo wangu, Maimuna.

Maimuna ana miaka thelathini na moja. Alipokuwa na sita, siku moja ya Ramadhani, karai la mafuta ya bhajia lilipinduka jikoni kwetu Mji wa Kale, likamchukua upande wa kushoto wa uso, kuanzia nyusi hadi kidevu. Mama ndiye aliyekuwa akikaanga. Tangu siku hiyo bhajia hazijapikwa tena nyumbani, na Maimuna tangu alipokuwa msichana mkubwa hajatoka nje bila kujifunika uso. Majirani humsifu kwa uchaji wake. Sisi wa ndani twajua kwamba nikabu ile ni ya kovu kwanza, ya dini baadaye.

Kuna katuni moja ya Kijapani tuliyoanza kuitazama yeye akiwa na miaka kumi na miwili, mimi kumi na saba. Tulikuwa tukinunua CD zake Makupa, nyingine zinakwama katikati, basi tunakaa kitandani tunabuni wenyewe yaliyobaki. Vipindi mia nne na ushei. Ni habari za msichana anayebeba barua kutoka mji hadi mji. Katika mji mmoja wa bandari yuko mwanamke mlinda lango aitwaye Oru, na nusu ya uso wake imeungua. Hajifuniki. Husimama langoni, watu hupita wakimwamkia kwa heshima, na katika vipindi vyote hivyo hakuna hata mmoja anayemwonea huruma.

Maimuna aliyahifadhi maneno yote ya Oru. Aliyageuza kwa Kiswahili chetu, akawa anayasema mbele ya kioo cha kabati, mlango umefungwa. Nilikuwa nikimsikia kutoka ukumbini. Sikumwambia hata siku moja.

Mwaka jana ikaja kampuni ya ng'ambo. Waliichukua katuni ile wakataka kuifanya tamthilia ya watu wa nyama na damu, itakayotazamwa mtandaoni dunia nzima, na mji ule wa bandari walitaka kuupigia picha Mji wa Kale. Wakatafuta mtu wa hapa wa kuwatafsiria na kuwasaidia kupata watu wa kupita nyuma: wauza vitu, wanawake wa sokoni, wazee wa barazani. Wakanichukua mimi. Nilikuwa nimekaa miaka tisa katika ofisi ndogo nikitafsiri vyeti vya ndoa na barua za mawakili. Siku niliyovishwa kile kitambulisho shingoni nilijiona nimezaliwa upya.

Wiki ya kwanza, kwenye mkutano wa asubuhi, mkuu wa vipodozi alilalamika. Ni Mzungu mpole, mwenye kuchekacheka. Muigizaji wa kuwa Oru alikuwa amekwisha kupatikana, mwanamke maarufu kutoka mbali, lakini kovu lake lilikuwa halikubali. Walikuwa wamelitengeneza mara tatu na mara zote lilionekana kama plastiki iliyoyeyuka. Akasema laiti angepata kovu la kweli la kuliiga.

Nikasema kwa Kiingereza, "Nina mmoja nyumbani."

Chumba kizima kikacheka. Nami nikacheka. Kulikuwa na kijana na kamera yake pembeni, anayepiga picha za jinsi kazi inavyofanyika, lakini wakati huo sikumjali.

Jioni ile nilikwenda kwetu nikamwambia Maimuna kwamba kampuni yamtaka awe Oru.

Sitajitetea. Nilijua kwamba nikimweleza ukweli, kuwa wataka kulinakili kovu lake wamvishe mwanamke mwingine, atakataa. Nami nilikuwa nimeshawaahidi. Nilijiambia nitamweleza kidogo kidogo, siku zikienda.

Mama hakutaka. "Uso wa mwanangu si wa kuwekwa watu wautazame," alisema, na mikono yake ilikuwa ikikunjua na kukunja mkeka uleule.

Maimuna akamjibu taratibu. "Mama, wameutazama miaka yote hii. Mara hii acha wautazame nitakavyo mimi."

Mama akanigeukia mimi, mkubwa. "Zuhura, utakuwa naye?"

"Nitakuwa naye, Mama."

Siku ya kuchukuliwa umbo la uso alilala chali juu ya meza, wakampaka kitu kizito cheupe kama uji wa mchele uliokorogwa sana, wakamwachia matundu mawili ya kupumulia. Alinishika mkono. Kila alipotaka kucheka alinifinya. Kilipokauka wakakibandua, kisha yule mkuu wa vipodozi akalipima kovu kwa rula, akalipiga picha kutoka kila upande, akapitisha kidole chake kwenye kingo zake polepole, kama mtu anayechagua kitambaa cha suti. Akaninong'oneza kitu.

"Asemani?" Maimuna akaniuliza.

"Asema wafaa."

Ni kweli alisema hivyo.

Wiki mbili baadaye ikaja siku ya kupiga picha langoni. Nilikuwa nimekusudia kumpigia simu alfajiri nimzuie. Nilikuwa na shughuli nyingi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nikiangalia simu yangu ya siku ile naona nilipata nafasi ya kuwapigia watu kumi na wanne.

Nilimwona akija kutoka mwisho wa kichochoro. Uso wazi. Alikuwa amevaa buibui jipya na mtandio wa kijani, amenyoosha shingo. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili kutazama kamera. Wakanyamaza alipopita. Muuza duka anayemuuzia mkate kila asubuhi hakumtambua mpaka alipomtolea salamu, na hapo akainuka kitini kumjibu. Nimemjua Maimuna tangu siku aliyozaliwa, na sijapata kumwona akitembea vile.

Kisha hema la vipodozi likafunguliwa, akatoka yule muigizaji.

Lilikuwa kovu lote la Maimuna. Mpaka ule mkunjo mdogo kwenye pembe ya mdomo, mpaka mahali ambapo nyusi imekatika. Mwanamke yule alikuwa akilicheka jambo na mwenzake, na kovu likacheka pamoja naye.

Maimuna akasimama. Akainua mkono akaugusa uso wake mwenyewe, haraka, kama mtu sokoni anayehakikisha kwamba pochi bado iko.

"Dada," akaniambia, "na mimi ni nani?"

"Wewe utapita nyuma. Na kapu."

Nadhani angeliweza kustahimili hata hilo. Lakini muongozaji alitazama kwenye kioo chake cha kamera akaona nyuso mbili zenye kovu moja katika picha moja, akaniita kwenye kile kidude cha sikioni. Akataka yule mwanamke wa nyuma afanywe asionekane uso.

Nilikuwa hatua nne kutoka kwa mdogo wangu. Ningeweza kukivua kitambulisho kile nikamshika mkono tukaenda zetu nyumbani.

Nikamwambia, "Jifunike."

Akauvuta mtandio juu ya uso. Akalichukua kapu. Walirudia mara nne, na mara zote nne akapita alipoambiwa apite, kwa mwendo ule ule. Kisha akaliweka kapu chini akaenda zake. Nyumbani alimwambia Mama tu kwamba sehemu yake imefupishwa. Kwangu hakusema neno kwa miezi mitano.

Juzi akanipigia. Tamthilia imetoka, akasema, njoo Jumamosi tutazame pamoja na Mama. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nilifurahi kama mpumbavu. Nikanunua halwa.

Leo baada ya adhuhuri tulikuwa wanne ukumbini kwetu: Mama, shangazi yetu Bi Rehema, Maimuna na mimi. Maimuna aliunganisha simu yake na televisheni. Halwa ikakatwa, kahawa ikamiminwa. Lango likaonekana, na pale langoni akasimama Oru.

"Maimuna!" Mama alipiga kelele. "Wewe huyo! Rehema, mtazame mwanangu!"

Alipiga makofi. Mama yangu, mwenye magoti mabovu, aliinuka nusu kutoka kwenye kiti akipiga makofi. Kisha picha ikasogea karibu, akayaona macho. Mikono ikabaki hewani.

"Siye," akasema. "Mbona ana... Hilo si la mwanangu?"

"Subiri, Mama," Maimuna akasema. "Kuna nyingine."

Akaweka video nyingine, ile ya jinsi tamthilia ilivyotengenezwa. Akatokea yule mkuu wa vipodozi akieleza kazi yake kwa Kiingereza. Halafu ukaja ule mkutano wa asubuhi. Halafu nikaja mimi, kitambulisho shingoni, nikisema sentensi yangu na kucheka.

Maimuna akaisimamisha. Akaniacha pale kwenye kioo mdomo wazi.

"Mama hajui Kiingereza," akasema. "Dada ndiye mfasiri. Atufasirie."

Nikasema kwamba hapo nawaambia kuna mtu tunayeweza kumpata hapa mjini.

"Sivyo." Hakupaza sauti. Akairudisha nyuma, tukasikia tena. "Fasiri sawasawa."

Nikasema kwamba ulikuwa mzaha, ni vigumu kuufasiri. Akairudisha tena. Bi Rehema alikuwa ameshaanza kututazama kwa zamu. Mama alikuwa akinitazama mimi peke yangu.

"Hapo nasema," nikasema, "nina mmoja nyumbani."

"Mmoja nini?" Mama akauliza.

"Kovu, Mama. Mtu mwenye kovu."

Bi Rehema akasema astaghfirullah. Nilidhani yamekwisha, lakini Maimuna alikuwa ameshafungua maoni ya watazamaji, akanipa simu mkononi.

"Na haya pia."

Nikasoma. Nikafasiri. Mmoja alisema aliyetengeneza kovu hili apewe tuzo. Mwingine alisema linatisha kuliko la kwenye katuni. Wa tatu aliandika kwamba afadhali ni la bandia, kwani mtu angeishije na uso kama huo, na mama yake angelala vipi.

Hilo nililifasiri mpaka mwisho kabla ya kuelewa ninasema nini na namwambia nani.

Uso wa Mama uliporomoka. Nimeuona nami, ameuona Maimuna. Maimuna alikuwa na nafasi ya kuninyang'anya simu. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, kisha akasema, "Endelea."

Nikaendelea. Mawili zaidi, ama matatu. Alitaka kunichoma mimi, na alikuwa radhi kupitia kwa Mama ili anifikie. Katika hilo tumefanana, yeye na mimi. Nimeliona leo kwa mara ya kwanza.

Ni Mama aliyeyakata. "Basi. Zimeni." Akakifuta kiganja chake kwenye kanga, akaisukuma sahani mezani kuelekea kwangu. "Zuhura, chukua halwa yako."

Hakuniambia niondoke. Hakuwa na haja.

Maimuna alinisindikiza ngazini mpaka mlango wa chini. Nilisimama, nikangoja anitukane, hata anipige. Ningeshukuru.

"Umesoma vizuri," akasema. "Sauti haikutetemeka hata mara moja. Nilidhani utalia, dada. Nilikuwa nimekuwekea kitambaa."

Akafunga mlango.

Nilikuwa sijafika barabara kubwa simu ilipolia. Barua pepe ya kampuni. Tamthilia imependwa, wanarudi kupiga msimu wa pili, na wananitaka tena, mara hii nikiwa na cheo. Niliisoma nimesimama kando ya ukuta, halwa nimeibana kwapani. Ningeweza kungoja mpaka Jumatatu. Ningeweza kungoja hata nifike nyumbani.

Nikajibu palepale kwamba niko tayari.

Sasa nimekaa mbele ya kompyuta, dirisha wazi, hakuna upepo. Najiuliza kama Maimuna angenisamehe lau ningelilia pale mbele yao, na kama ni kwa sababu hiyo tu kwamba sasa natamani ningelilia. Nimejaribu. Nimefumba macho nikamfikiria na mtandio wake wa kijani. Nimemfikiria Mama na makofi yake.

Hakuna kitu.

Kesho itakuja na nitaiamkia kama kawaida. Nimeyasoma tena haya yote tangu juu, neno kwa neno. Nilikuwa natafuta makosa ya tahajia.